Mpimaji wa Udongo wa Mbugani

Kabla ya kusema lolote kuhusu udongo, aliuonja kwanza. Aliuchota kwa ncha ya kidole, akauweka kwenye meno ya mbele, akautafuna taratibu huku amefumba jicho moja, kisha akatema pembeni na kutoa hukumu. Hakuona aibu kufanya hivyo mbele ya mchungaji, mbele ya mtendaji wa kata, wala mbele ya wageni waliokuja siku moja kumposa mpwa wake. Ukisikia chembe zinasaga kwenye meno, alisema, udongo huo mnaweza kuelewana. Ukiteleza tu bila kusaga, jiandae kwa ugomvi.

Sisi tulimwita Mpimaji. Jina lake lilikuwepo kwenye daftari la kanisa, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi Tabora mjini, kwenye chumba cha kupima udongo wa barabara, mwanamke peke yake kati ya wanaume waliomtuma chai kila saa nne, naye kila saa nne akawaambia chai ipo mtaani, wakainunue. Alipostaafu akaja kwetu, upande wa Igalula, akajenga nyumba pembezoni mwa mbuga. Alikozaliwa sikujua, na ukoo wake sikuuliza, kwa sababu nilimwona mara moja akimjibu mzee aliyemuuliza, na jibu lile sikutaka linipate mimi.

Kwetu mbuga si ya wanyama. Ni bonde la udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na masika hugeuka tope la kumvua mtu viatu. Njia yetu ya kwenda zahanati, sokoni na stesheni inakatiza humo. Ni hatua mia mbili tu, nimezihesabu mara nyingi. Hatua hizo mia mbili zilitufungia kijijini kila mwaka kuanzia Januari hadi Aprili. Wajawazito tuliwabeba kwa machela, wabebaji wanne wakizama hadi magotini. Dada yangu alijifungulia katikati ya tope hilo, mvua inamnyeshea, na mtoto akafa mikononi mwangu tukiwa tunaiona ng'ambo. Nalisema hili mapema, asije mtu akadhani habari hizi ni za bibi mmoja mkorofi na ndoo zake.

Mkorofi alikuwa, sibishi. Alikuwa na swali moja aliloliuliza kwa kila jambo: "Umeloweka?" Lilitokana na kazi yake. Alifinyanga vitonge vya udongo wa mbuga, vingine vitupu, vingine vimechanganywa na hiki au kile, akavikausha kivulini, halafu akavitumbukiza kwenye beseni la maji na kuviacha hadi kesho yake. Kitonge kitupu kilimomonyoka kabla hajamaliza kufuta mikono. Vingine vilifika jioni. Vichache sana vilifika asubuhi, na hivyo ndivyo alivyoviandika kwenye daftari lake la shule lenye jalada la bluu.

Mtu akisifia matofali yake, Mpimaji aliuliza kama ameyaloweka. Jirani alipotuletea habari kwamba binti yake amepata mchumba mtanashati, mfanyabiashara wa Nzega, mpole, anasalimia hadi watoto, Mpimaji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mmemloweka?" Mama wa watu alicheka mpaka akakaa chini. Miezi michache baadaye mchumba aliondoka na baiskeli ya mkwewe na hakurudi, na yule mama akaja mwenyewe kwa Mpimaji kukiri kwamba hawakumloweka.

Lakini nyumba yake mwenyewe ilikuwa imepasuka. Ufa ulianzia kwenye kona ya dirisha ukashuka hadi kwenye msingi, na kila aliyegombana naye alimalizia kwa kumwonyesha ufa huo. Hakuuziba. Aliuchorea mistari ya penseli, kila mstari na mwezi wake, akawa anaufuatilia unavyopanuka kiangazi na kujibana masika. Alituambia ameuacha makusudi, uwe wa kulinganishia. Tuliamini. Siku moja tukimenya viazi, akaniambia bila kuulizwa kwamba si kweli. Alijenga kwa haraka, hakuweka kitu chochote kwenye udongo, kwa sababu kuchanganya kunahitaji watu wengi na yeye hakutaka kumwomba mtu. Alilisema hilo akiendelea kumenya, halafu akanikemea kwamba maganda yangu ni manene.

Na ugali wake ulikuwa na madonge. Mtu aliyeweza kuchanganya madebe kumi ya udongo hadi usione chembe ya jivu imesimama peke yake, aliwapa wageni ugali wenye unga mbichi katikati. Tulikula kwa heshima.

Kilichomuudhi kuliko vyote ni sifa za uvumilivu. Njia yetu ni ile ile waliyopita wapagazi zamani, misafara ya kwenda na kutoka pwani, na kijijini watu wanaionea fahari. Katika mkutano mmoja, baada ya ofisi ya barabara kutuambia kwamba dawa ya mbuga ni kuchimba udongo wote na kuleta moramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, kutoka mbali, na kwamba kwa sasa haiwezekani, mzee mmoja alisimama kutufariji. Alisema babu zetu walivuka tope hili na mizigo mabegani, nasi damu yetu ni ile ile, tutavuka. Watu wakapiga makofi. Mpimaji alinyanyuka kabla makofi hayajaisha. Alisema wapagazi walibeba mizigo ya watu wengine kwenye tope hili, wengine wakafia humu, na hakuna hata mmoja wa wenye mizigo aliyeinama kuupima udongo huu. Kama tunataka kuwaenzi, tuache kuzama.

Ofisi ilikuwa na mpango wa pili, nao ndio uliotutia hofu. Kama mbuga itaendelea kushindikana, njia ingehamishwa ipite kijiji kingine, izunguke bonde lote, na sisi tungebaki na safari ya nusu siku kufika zahanati. Mpimaji aliomba tupewe kiangazi kimoja tujaribu. Mtendaji wa kata alikubali kwa mdomo, nadhani ili mkutano uishe.

Dawa yake haikuwa na siri. Kwetu tumbaku hukaushwa kwenye mabani, vile vibanda vya moto, na kila bani huacha lundo la majivu ambayo hakuna anayeyataka. Tuliyakusanya kabla hayajanyeshewa, tukayachekecha kwa chandarua kikuukuu. Chokaa kidogo tulipewa parokiani, iliyobaki walipopaka kanisa. Nyuzi zilitoka kwenye mikonge ya nyua zetu wenyewe: tulikwangua majani kwa panga juu ya ubao, tukaanika, tukakata vipande vya pingili mbili za kidole. Majivu na chokaa, alitueleza, vinaupunguzia udongo ulaji wa maji na kuufanya ushikane. Nyuzi zinauzuia usiachane ukikauka. Tulichanganya kwa majembe, tukashindilia, tukafunika kwa nyasi mbichi na kuzimwagia maji siku saba.

Hakutaka tumwamini bila kuona. Alimpa kila mmoja wetu donge la udongo mtupu alisokote juu ya ubao liwe uzi mwembamba, na udongo ulikubali, ukawa mwembamba kama njiti ya kiberiti. Kisha donge lenye majivu na chokaa, na hilo lilikatika mapema. Alisema linalokatika ndilo tunalolitaka, kwa sababu halitanyooka chini ya gurudumu.

Sasa nifike kwenye kosa letu, ambalo kwa kweli ni langu.

Nilikuwa kiongozi wa kikundi cha akina mama, na sisi ndio tuliokuwa mbugani kila siku. Chokaa ilipopungua, Mpimaji alikwenda mjini siku tatu kuitafuta, akaniachia hatua thelathini za katikati nizimalize. Udongo ulikuwa tayari, majivu tayari, nyuzi zimelala kwenye magunia. Tulipoanza kuzitawanya, shangazi yangu, mtu mzima ambaye kamba zake zilinunuliwa hadi Bukene, akasimama akagoma. Kwetu msichana hufundishwa kusokota nyuzi kwenye paja kabla hajajua kupika. Nyuzi zilizoachwa ovyo ni za mwanamke mvivu, na kumkabidhi mtu nyuzi zisizosokotwa ni sawa na kumkaribisha kwenye nyumba isiyofagiwa. Shangazi alisema hata kama zitafukiwa na hakuna atakayeziona, sisi tutajua.

Wengine wakamuunga mkono. Mimi nami nikaona kuna maana: nani asiyejua kwamba kamba ina nguvu kuliko uzi? Niliruhusu. Nyuzi tulizokuwa tumeshazikata tukaziacha kando, tukakwangua mpya ndefu, tukasokota siku nzima tukiimba nyimbo za kwaya. Kamba zilikuwa nzuri kweli. Tulizikata urefu wa mkono, tukazilaza kwenye udongo tabaka kwa tabaka, nyingine zikiwa zimekingama juu ya nyingine, kama tunawamba kitanda. Nilijisikia nimemzidi Mpimaji maarifa.

Aliporudi alitembea juu ya kipande chetu akikigonga kwa kisigino. Nilifungua mdomo nimweleze tulivyofanya. Yeye akatangulia: "Umeshindilia vizuri." Katika miaka yote niliyomjua, hiyo ndiyo sifa pekee aliyonipa, na kwa ajili yake nilinyamaza.

Mvua zilikuja. Hatua zote nyingine zilisimama, watu wakapita wanashangaa. Kipande changu kikaanza kutoa maji kwa chini. Udongo ulishindwa kuingia ndani ya kamba zile zilizobana, ukakaa juu yake tu, na maji yakapata njia ya kufuata kila kamba hadi mwisho wake. Tabaka likateleza juu ya tabaka. Mwisho wa Januari kilikuwa uji.

Injinia wa ofisi alikuja kukagua kwa pikapu. Gurudumu la nyuma lilizama pale pale, hadi kwenye ekseli. Alishuka, akatazama, akacheka kicheko cha mtu aliyekwisha kuandika ripoti yake nyumbani. Akasema majivu ni ya jikoni na kamba ni za kufungia mbuzi. Halafu akauliza kipande hiki kilisimamiwa na nani.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, nimeshika jembe. Shangazi alikuwa nyuma yangu. Niliinama kukwangua tope kwenye jembe.

"Ni changu," Mpimaji alisema. "Nilikosea kipimo."

Mtu ambaye hakuwahi kukubali kosa mbele za watu, hata la chumvi. Injinia akaandika. Mpimaji akamsogelea na kumwambia gari lake lilikuwa limeshapita karibu nusu ya mbuga bila kuzama, aziandike na hatua hizo. Hakuziandika. Niliona kalamu ikirudi mfukoni, na ninakiri kwamba wakati ule nilichosikia moyoni ni ahueni. Aibu ilikuja baadaye, ikakaa.

Baada ya wiki mbili likasimamishwa bango: NJIA IMEFUNGWA. Tulilizunguka kama watu wanaozunguka kaburi. Mpimaji alikuja na fimbo yake, akalisoma hadi mwisho, akagonga nguzo, akasema ni mti mzuri, mkavu. Akawaomba vijana wawili waing'oe. Nguzo ikawa mti wa kushindilia. Ubao aliugeuza kichwa chini, akawa anasokotea udongo juu yake.

Mtendaji alifika amepandisha hasira na kumwambia hilo ni kosa la kupelekwa polisi. Mpimaji alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, na hakusimama.

"Nifunge mimi, baba," alimwambia. "Njia iache wazi."

Mtendaji akatutazama sisi. Tulikuwa wanawake kama ishirini hivi, na hakuna aliyeondoka. Dada yangu, ambaye tangu mtoto wake afe hakuwa mtu wa kusema mikutanoni, alikwenda akasimama juu ya tope lenyewe, pale alipojifungulia, akasema kama njia imefungwa basi waje wamtoe hapo. Mtendaji akasema atarudi, akaondoka. Hakurudi na polisi. Sitasema aliogopa. Huenda na yeye alikuwa na mtu aliyebebwa kwa machela.

Kiangazi kilichofuata tulirudia zile hatua thelathini. Tulipofika asubuhi ya kwanza tulimkuta Mpimaji ameshachimba sehemu ile mbovu yote peke yake, katika umri ule, na udongo wa zamani ameshauondoa. Hatukuona kamba hata moja. Tulipoanza kuchanganya upya, alisema nyuzi ziwe fupi, kila moja peke yake, na alisema akiangalia magunia, si mtu. Shangazi alizitawanya kama anavyotupa takataka, uso ameukunja, lakini alizitawanya. Masika yale mbuga ilipitika mwanzo hadi mwisho. Ofisi haikusema neno. Bango jipya halikuja, wala habari ya kuhamisha njia.

Nilidhani hajui. Miaka ilipita nami nikidhani hivyo. Miguu yake ilipoisha nguvu, mpwa wake alimchukua kwenda kumtunza Isevya, Tabora mjini. Nilikwenda kumwona mara tatu, zote kiangazi, nikiwa nimebeba mchele na maneno yangu ya kuungama, na mara zote tatu nilirudi na maneno yangu. Aliongea nami juu ya kuku. Mwaka huu akatuma ujumbe kwa simu ya mpwa wake: nije Machi, nisije mwezi mwingine.

Nilitoka nyumbani mvua ikinyesha. Bodaboda alinivusha mbuga bila hata kupunguza mwendo, nikapanda basi Igalula, nikafika Isevya mchana. Alikuwa amekaa kitandani, amekonda, khanga begani.

"Shikamoo, mayu," nilimwamkia, yaani mama kwa lugha ya kwetu.

Hakuitikia. Alikuwa anaangalia miguu yangu. Aliniashiria nisogee, akaangalia viatu, soksi, akainua pindo la gauni langu kwa fimbo. Palikuwa pakavu.

"Marahaba," akasema.

Hapo sikuweza kusubiri tena. Nilianza, mayu, kile kipande cha katikati, na yeye akaingiza mkono kwenye kopo la dawa kando ya mto, akatoa kipande cha kamba ya mkonge, kimekauka, kimejaa udongo mweusi kwenye misokoto yake. Akakiweka juu ya goti langu. Alikichimba siku ile ile gari lilipozama, sisi tulipokwisha kuondoka.

Nilimuuliza kwa nini alinibebea. Alinijibu kwamba yeye pale alikuwa mgeni, wangemcheka na wangezoea. Mimi wangenivua uongozi, na nikiondoka wanawake wasingerudi mbugani, na wasiporudi hakuna njia. Nilianza kumshukuru. Akanikata.

"Usidhani nilikusamehe," alisema. "Nilikuwa nakusubiri."

Akamwita mpwa wake alete daftari. Jalada la bluu lilikuwa limebakia nusu. Akafungua ukurasa anaoujua bila kutafuta. Mwandiko wake, herufi zimesimama wima: Hatua thelathini za katikati. Hali: kimeshindwa. Sababu. Na baada ya hapo mstari mtupu, miaka yote hiyo.

Aliniambia mtu akiukuta wazi hivi atasema ni majivu yaliyoshindwa, au ni mkonge, au ni wanawake. Akanipa kalamu. Niliandika kwamba tulisokota nyuzi badala ya kuzitawanya, na kwamba mimi ndiye niliyeruhusu, nikaandika na jina langu lote. Nililia, sioni haya kusema. Akavuta daftari pembeni ili machozi yasidondokee wino, akalisoma kwa mbali kama wasomavyo wenye macho mabovu, akanirudishia.

"Urefu wa kamba?"

"Mkono mmoja."

"Andika."

Nikaandika. Akapuliza ukurasa ukauke, akalifunga daftari, akalitia kwenye mfuko wangu wa mchele na kuufunga fundo mwenyewe. Nikamuuliza nilipeleke wapi.

"Bukene wameleta mtu hapa," alisema. "Mbuga yao ni mbaya kuliko yenu. Nenda kawafundishe, na uanze na ukurasa huo."